Mbuzi wa Bakari Mrudishe

Chamazi, Dar es Salaam

Kwako dada yangu Fatu,

Shikamoo. Nakuamkia huku nimeinama, ijapokuwa goti langu la kushoto siku hizi haliinami bila kulalamika. Mie mzima, nakula, nalala, na kazi nafanya. Wasiwasi wangu ni wewe. Macho yanaonaje? Lile bomba la maji karibu na msikiti linatoa, au bado linakohoa upepo tu? Na mikorosho ya mama imechanua? Harufu ya ua la mkorosho huwa inanijia hata usingizini, nikaamka natafuta jembe, kumbe niko Chamazi na nje kuna matofali ya jirani.

Usishangae herufi zangu kulala upande. Mkono huu umezoea tezo na patasi. Lakini nimeandika mwenyewe, hakuna mtu niliyemwomba. Kisomo cha watu wazima nilikwenda msimu mmoja tu na nilikuwa wa kwanza darasani, mwalimu alisema hajaona mtu anayekamata herufi kama anakamata kuku. Nikaacha kwa sababu nilikuwa nimeshajua. Na kabla ya yule mwalimu ulikuwa wewe, uliyenichorea herufi ya kwanza kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni, mama akakuchapa kwa kuchafua mlango. Basi ukiona kosa humu, jilaumu.

Barua inakuja kwa mkono wa jirani yangu mama muuza korosho, anakuja huko Newala kuangalia shamba la baba yake. Simu sikutaka. Simu ya kwenu inakaa dukani, na mwenye duka ni binamu yake Bakari, ukikohoa tu kwenye simu ile Bakari anajua umeshikwa na kifua. Haya ninayoandika ni ya kwako peke yako, wewe mama yake Hadija. Soma mchana, ukiwa umekaa.

Nimeambiwa umepokea mbuzi kutoka kwa watu wa Bakari, beberu mweusi, na umesema yaishe, Hadija arudi kwa mumewe. Namna nilivyoambiwa nitakueleza. Ila kwanza nirudi nyuma, maana naona huko umefikishiwa nusu ya habari, tena ile nusu tamu.

Hadija alikuja kwangu mwanzo wa masika, asubuhi, mtoto mgongoni, mvua yote imemwishia yeye. Taya limevimba mpaka jicho limezama. Nikamuuliza, akasema ameteleza bafuni. Nikamwambia, mwanangu, mie ni mchonga sura. Maisha yangu yote nachonga mashavu. Nalijua shavu lililogonga sakafu na nalijua shavu lililogongwa. Akamshusha mtoto, akamkausha kichwa. Kisha akasema, "Mjomba, si mara ya kwanza."

Nikachukua tezo. Vijana wa mtaa huu wananiogopa mpaka leo kwa jinsi nilivyotoka siku ile. Nilikuwa nakwenda Temeke, kwenye karakana yake Bakari anakochomelea mageti, nikamalizane naye. Nikafika karibu na uwanja wa mpira, nikakutana na mwenyekiti wa mtaa wetu, mama mmoja wa Kichaga, mfupi, sauti kama filimbi ya refa.

"Mzee Selemani, na tezo wapi?"

"Kazini."

"Kazi gani unaenda bila shati?"

Ndipo nikajitazama, sina shati. Nimetoka na msuli na tezo kama mtu aliyefiwa. Akanishika mkono akanirudisha nyumbani, akamtazama Hadija, akakaa naye kidogo. Halafu akanigeukia. "Mzee, ukimkata yule bwana, wewe utakwenda jela, yeye atakwenda hospitali, na huyu binti atabaki hana mjomba na hana kesi. Vaa shati twende polisi."

Kule polisi siku hizi kuna chumba chao maalumu, wanaita Dawati la Jinsia na Watoto. Askari mwanamke, mpole, akamwingiza Hadija akafunga mlango, mie akaniacha nje kwenye benchi. Mie, mjomba mtu. Nikagonga nikamwambia kwetu neno la mtoto linasemwa na mjomba wake. Akanijibu kwa adabu tu, "Mzee wangu, hapa anayeongea ni aliyepigwa." Akampa ile fomu ya PF3, tukaenda nayo hospitali, daktari akaandika alichokiona, tukairudisha. Hiyo ikawa kesi ya kupiga, inakwenda njia yake, mwendo wa kinyonga.

Mie nilidhani imeisha hapo. Mwenyekiti akasema bado. "Hiyo kesi inamuuliza bwana juu ya alichofanya jana. Kesho akija hapa mlangoni kwako, utamwonyesha nini?" Nikamwambia nitamwonyesha tezo. Akasonya. Akatuelekeza Mahakama ya Mwanzo, Hadija akaombe kutengana na mumewe, na wakati shauri linasikilizwa amwombe hakimu amzuie Bakari asimsogelee.

Nilibisha, nisikufiche. Nilisema sisi watu wa kusini tuna wazee wetu, tutakaa. Hadija mwenyewe ndiye akanijibu, anachambua mchele wala hakuinua kichwa. "Mjomba, mwaka jana hamkukaa? Bakari si alilia, mkala pilau, mkaomba dua? Pilau ile niliipika mimi na kidole kimevunjika."

Basi tukaenda.

Hakimu ni binti mdogo, sawa na mjukuu wetu, miwani na kilemba kidogo cheusi. Lakini akisema, watu hata kukohoa wanaahirisha. Akamsikiliza Hadija, akasoma karatasi ya daktari, akamsikiliza Bakari, ambaye siku hiyo alivaa kanzu nyeupe na sauti ya upole, ungemwona ungempa binti mwingine. Kisha akasema, nami nakuandikia kama nilivyolisikia, maana kichwa changu hakidondoshi kitu:

"Bakari, mpaka shauri hili liishe au mahakama iseme vingine, usifike nyumbani kwa mzee Selemani. Usimfuate Hadija kwenye kibanda chake cha kushonea. Usimpigie simu, usimwandikie, na usimtume mtu yeyote kwake. Mtoto utamwona ofisi ya ustawi wa jamii, mbele ya ofisa, siku utakayopangiwa. Ukivunja hata moja, polisi watakukamata na utakuja kunieleza hapa."

Akamgeukia Hadija. Hapa ndipo nilishangaa. "Na wewe Hadija nikwambie mapema. Siku moja utamhurumia, utataka kumwita. Ukimwita akaja, yeye bado atakuwa amevunja amri. Wewe huwezi kuiondoa ukiwa nyumbani. Ukitaka iondoke, uje hapa uniambie mwenyewe, na mimi nitakuuliza nani kakutuma."

Nikanyoosha mkono. Nikasimama, watu wote wakaona huyu si mzee wa kawaida.

"Mheshimiwa, na mie je?"

"Wewe vipi, mzee?"

"Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Kufunga mlango na kufungua ni neno langu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Kwenye ukoo wenu sikuingilii, mzee wangu. Lakini mlango huu nimefunga mimi, na ufunguo ninao mimi." Nikakaa. Sikuridhika, ila nikakaa.

Karani akatoa nakala. Bakari akasaini yake, nyingine ikaenda polisi, nyingine kwa mwenyekiti wa mtaa. Ya Hadija anayo mwenyewe ndani ya mkoba wake, ameifunga nailoni ya mkate. Anakwenda nayo mpaka kisimani.

Na dada, baada ya hapo nyumba yangu ikabadilika. Sijui nikuelezeje. Tangu mke wangu afariki mie nilikuwa naishi na vumbi la mpingo na redio. Sasa kuna mtoto anaburuta vipande vya mti wangu na kuviita watoto wake. Hadija amenunua kinu na mchi, anatwanga kisamvu asubuhi, na akitwanga anaimba ule wimbo wako, ule uliokuwa ukiimba tukipanda kutoka bondeni na maji, ukungu wa Newala hauonyeshi hata mtu wa mbele, tunafuatana kwa sauti tu. Mara ya kwanza nilipousikia niliacha kinyago nusu pua. Nikakaa nje nikakusikiliza wewe, msichana mwenye mtungi kichwani unayenigombeza nisimwage.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa Jumapili baada ya alasiri. Kanisa la jirani kwaya imemaliza, mtaa umetulia. Nikasikia hodi, hodi ya kwetu kabisa, ile ya kuvuta. Kutazama, ni mzee Issa, yule mshenga aliyeleta posa ya Bakari kwako na kilemba chake cha manjano. Amebeba kikapu. Nyuma yake, nje ya uzio, amesimama Bakari, mikono ameishikanisha mbele kama bwana harusi.

"Mwenye nyumba, tunatoka Newala," mzee Issa akasema. "Dada yako anakusalimu. Amekupa mzigo wako."

Akafunua kikapu. Ming'oko, mizizi ya porini kwetu.

Mie si mtu wa kuhongwa chakula, unanijua. Niliwahi kukataa pilau ya arusi kwa sababu mwenye arusi alinisalimu vibaya. Lakini ming'oko mie siioni kama chakula. Ilikuwa imechemshwa na kutungwa kwenye uzi vile unavyotunga wewe, mafundo mawili mwishoni. Nikayashika yale mafundo. Mara niko kwetu, jikoni, moshi, wewe unanimenyea kwa sababu meno yangu ya mbele yametoka.

Mzee Issa akaendelea kwa sauti ya asali. Akasema dada yako amepokea mbuzi, amesema yameisha, mtoto arudi kwake. Neno la dada yako mkubwa ndilo hili, na sisi tumelileta tu. Yule pale ni mkwe, mnamwacha juani kama mdai?

Dada, kwetu anayeleta salamu za mama mkwe haachwi nje. Mimi ni mtu wa adabu. Nikasema moyoni, amri imemkataza yeye kuja, haikunikataza mimi kukaribisha. Nyumba nimejenga mwenyewe, kila tofali. Nikatoa kiti changu, kile nilichochonga mgongo wenye nyoka wawili, nikakiweka uwanjani. Nikamwita Bakari, "Ingia, ukae." Akaingia, akakaa.

Hadija akatoka jikoni na upawa mkononi. Alipomwona akasimama palepale. Akasema kwa sauti ndogo, "Mjomba, ruhusa hiyo huna. Hata mimi sina."

"Ni neno la mama yako," nikamwambia.

Bakari akatabasamu. Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kufanya. Akasema, "Hadija, chukua mtandio, mbebe mtoto, twende. Mama kashasema. Hiyo karatasi yako utaifungia vitumbua."

Ndipo nikauona mkono wa Hadija. Uso wake umetulia, mgongo umenyooka, lakini ule upawa unatetemeka, mchuzi unadondoka mchangani, tone na tone. Nikautazama ule mkono na kichwa changu kikaondoka. Nimewahi kuuona mahali, dada. Kata ya maji, mkono wa mama, maji yanamwagika kabla hayajafika mdomoni kwa mgeni.

Nikamgeukia Bakari nikamwambia, "Nyanyuka kwenye kiti changu."

"Mzee, si umenipa mwenyewe?"

"Nimekupa, sasa nakitaka."

"Mzee Selemani, usijitie aibu mbele ya mshenga," mzee Issa akasema.

"Na wewe nyanyuka," nikamwambia, "au utakaa hapo mpaka uwe kinyago."

Bakari hakunyanyuka. Akakunja miguu. Akasema yeye anamsubiri mkewe, na hana haraka. Tezo lilikuwa pale kwenye gogo, dada, karibu na mguu wangu. Nakuapia mkono uliwasha. Nikakumbuka mwenyekiti na lile shati. Nikasimama tu kati ya kile kiti na mlango wa jikoni, na Hadija nyuma yangu akapiga simu kwa mwenyekiti. Hakupiga kelele wala hakulia, alitaja jina lake, jina la mumewe, akasema, "Yupo ndani ya uzio, amri ninayo mkononi."

Mwenyekiti alikuja na polisi wawili kwa pikipiki. Wakaomba ile karatasi, Hadija akafungua nailoni, wakasoma, wakamuuliza Bakari kama hiyo saini ni yake. Akasema ni yake lakini amekaribishwa na mwenye nyumba. Yule askari mkubwa akamjibu, "Ukamwambie hakimu." Wakaondoka naye. Mzee Issa alikwenda kwa miguu, kikapu akakiacha.

Asubuhi tukaitwa mahakamani. Bakari akamwambia hakimu alivyoniambia mie, amekaribishwa. Hakimu akanisimamisha. "Ni kweli, mzee?"

Ningeweza kukataa. Maneno ninayo. Nikasema, "Ni kweli, nilimpa kiti."

Akavua miwani. "Amri ile haiko juu ya nyumba yako, mzee. Iko juu ya huyu. Popote alipo Hadija, huyu asiwepo. Ungemtandikia busati la dhahabu bado angetakiwa kugeuka arudi. Na ninyi ndugu mkianza kuifungua kidogo kidogo kwa adabu zenu, haitamlinda mtu." Kisha akamwambia Bakari kwamba kumtuma mshenga ni kuvunja amri, na kuja ni kuivunja mara ya pili. Akamweka mahabusu siku kadhaa, akamwonya akirudia atafungwa kifungo kamili.

Bakari alipokuwa anatolewa akasema maneno ambayo ndiyo yamenifanya nitafute kalamu. Akasema, "Mheshimiwa, mama yake mzazi ameshakubali. Siku ya shauri nitamleta mwenyewe aseme hapa."

Kwa hiyo nakujulisha. Shauri ni mwezi ujao, na watakuja kwako, watakukatia tiketi ya basi, watakununulia kanga mpya, wakuketishe mbele ya hakimu useme yaishe. Na Hadija, ambaye kwa askari hakutetemeka sauti, akikuona wewe umekaa upande wa Bakari, ataichukua ile karatasi yake mwenyewe, ataikabidhi kwa hakimu na kusema iondolewe. Ninamjua. Aliniambia, "Mjomba, wote nitaweza kuwakatalia, mama siwezi."

Dada yangu, unakumbuka kwa mjomba Ntauka? Ule uwanja uliofagiliwa mpaka unang'aa. Mama akipigwa alikuwa hakimbilii kwingine. Alikuwa anatuchukua sisi wawili, mie unanibeba wewe, kwa sababu mgongo wake mwenyewe haukuweza kubeba kitu. Tukifika mjomba haulizi neno. Anachukua mchi wa kinu, anaulaza katikati ya njia, pale kwenye mikorosho miwili, anarudi kukaa. Baba anakuja, anauona, anasimama. Mtu aliyekuwa anaingia porini na mkuki peke yake kumfuata nguruwe, anasimama mbele ya kipande cha mti kilicholala chini. Na mama naye alikuwa hauvuki kurudi. Mpaka mjomba aje auinue kwa mkono wake, na alikuwa hauinui mpaka aridhike.

Siku zile za mchi ndizo siku nilizomsikia mama akicheka. Unakumbuka? Anakaa na kaka yake wanasimuliana habari za utoto wao, mbaazi inachemka, sisi tumelala mapajani kwake, mmoja huku mmoja huku. Kila nikichonga mama na watoto, watu wanasema mzee Selemani hakuna anayekuweza kwa hii. Hawajui kwamba nachonga jioni moja tu, ileile, miaka yote.

Na unakumbuka ile siku mjomba alikuwa shamba. Baba akaja na kikapu cha ming'oko, na juu yake mwanasesere wa mti aliyekuchongea wewe. Akakuita kwa lile jina lako la utoto. Akasema, mwanangu, nisogezee huo mchi kidogo tu, nipitishe mzigo wa mama yako. Ukausogeza. Kidogo tu. Ulikuwa mtoto, na baba alikuwa baba, na yule mwanasesere alikuwa mzuri, hata mie fundi nakubali. Tangu siku ile mama ukimwita alikuwa anageuza kichwa, anakuletea sikio la kulia, kwa sababu la kushoto halikusikia tena mpaka tunamzika.

Hatujawahi kulisema hili. Sikulaumu leo, wala sikuwahi. Nakukumbusha kwa sababu waliokuwepo wote wamekwisha, tumebaki wewe na mie. Mzee Issa alipokuja kwako na yule beberu, alikuja kukuomba usogeze mchi kidogo tu. Na mie hapa nilishausogeza kwa kiti changu, nikaona kilichopita.

Kama unataka kuja Dar es Salaam, njoo. Lakini njoo kwa nauli ya mdogo wako, ushukie kwangu, ukae na Hadija jikoni, umuulize yeye anataka nini. Akisema anamtaka mumewe, tutakwenda wote watatu kwa yule binti wa miwani tukamwambie. Akisema hataki, utakaa kwenye benchi upande wetu. Usiseme hata neno. Kukuona tu itamtosha.

Kuna jambo moja dogo. Juzi nilitoka msikitini, nikakuta mtoto amecheza na mchi wa Hadija akauacha umelala kizingitini, mlango mzima. Nikasimama. Sijui nilisimama kiasi gani. Hadija akatoka akanikuta.

"Mjomba, mbona huingii?"

"Nasubiri mwenye mchi auinue."

Akacheka, akajua mzee anatania, akauinua akaenda kutwanga. Ile habari sijamwambia. Nimeona ni ya kwako kumwambia, siku utakayokuja.

Nisalimie mke wa marehemu kaka yetu, mwambie kile kitanda nilichomchongea kama kimelegea ni yeye anayepanda vibaya, kazi yangu hailegei. Nisalimie mwadhini, yule tuliyekuwa tunaiba naye mabibo. Msalimie mkunga aliyemzalisha Hadija, mwambie mtoto wake ni fundi cherehani, ana wateja mpaka Mbagala. Na wajukuu wote, kila mmoja kwa jina lake, usimruke yule mtundu.

Ming'oko niliila yote, siwezi kukudanganya. Nilikaa nje na chumvi nikala fundo mpaka fundo, nikalia kidogo, moshi ulikuwa mwingi. Ile sikuirudisha kwa sababu ilitoka mkononi mwako. Lakini mbuzi ni wa Bakari. Mrudishe na kamba yake.

Mimi mdogo wako uliyembeba mgongoni,

Selemani, fundi